Lugha ya Kuwaalika Washirika wa Mauzo katika Makundi ya Mtandaoni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya siku hizi imeitia methali hii majaribuni, kwa kuwa hata kizuri sasa hutembezwa, tena hutembezwa na watu wasiokuwa na duka, ghala wala kibanda. Watu hao ndio washirika wa mauzo. Makala haya yanadhamiria kueleza namna washirika hao wanavyotafutwa katika makundi ya mazungumzo ya mtandaoni, na namna lugha ya mwaliko wenyewe inavyoweza kumsaidia msomaji kupambanua biashara halali na ulaghai. Suala hili linawagusa vijana wa jiji la Eldoret moja kwa moja. Aghalabu mwanafunzi mwenye rununu yumo katika kundi la darasa, la chama, la kanisa au la watu wa kwao, na mialiko ya aina hii humfikia humo humo.

Maana na asili ya kazi hii

Mshirika wa mauzo ni mtu anayewaelekeza wanunuzi kwa muuzaji, kisha akalipwa kamisheni kwa kila bidhaa inayonunuliwa kutokana na maelekezo yake. Muuzaji humpa kiungo au msimbo wenye utambulisho wake ili mauzo yake yahesabiwe. Tuseme jozi ya viatu vya kukimbilia inauzwa kwa shilingi 4,000 na kamisheni ni asilimia 5. Mshirika atapata shilingi 200 baada ya jozi hiyo kununuliwa. Isiponunuliwa, hapati chochote.

Kazi ya kuuza mali ya mwingine kwa ujira si ngeni kwa Waswahili. Maneno wakala na dalali, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, ni ushahidi kwamba pwani yetu iliifahamu kazi hiyo kabla ya kuwako tarakilishi. Kwenye intaneti, mfumo huu ulipata umaarufu baada ya Amazon ya Marekani kuanzisha mpango wake wa washirika mwaka wa 1996. Nchini Kenya, huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007, ilienea kupitia mawakala wanaolipwa kamisheni. Wengi wao walikuwa wenye maduka waliokwisha kujulikana na majirani. Baadaye Jumia nayo ilitumia mawakala iliowaita J-Force kuwaagizia bidhaa watu ambao hawakuzoea kununua mtandaoni. Hatimaye sheria nayo iliitambua kazi hii. Sheria ya Fedha ya 2023 iliitaja miongoni mwa njia za kujipatia mapato kutokana na maudhui ya kidijitali, na ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi wa Kenya.

Kwa nini makundi?

Mfanyabiashara angeweza kubandika tangazo ukutani akasubiri. Anayaendea makundi kwa sababu humo mna kitu kisichopatikana ukutani, nacho ni imani. Katika kundi la wakimbiaji, kwa mfano, wanakundi wanamjua fulani ambaye huulizwa kuhusu viatu na hujibu kwa ukweli, hata akiwashauri wenzake wasinunue. Katika kundi la wakulima wa Uasin Gishu, wanamjua anayefahamu mbegu ipi ya mahindi inafaa mahali gani. Neno la mtu wa namna hiyo lina uzito ambao tangazo halina. Ifahamike, basi, kwamba anayemtafuta mshirika anatafuta kuazima imani ambayo wengine waliijenga kwa muda mrefu. Kitu cha kuazima hutunzwa.

Kutokana na hali hii, njia ya kuingia katika kundi ina adabu zake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayetaka washirika hana budi kushika jembe kwanza: asome kanuni za kundi, asikilize, ajibu maswali anayoyaweza, kisha aombe ruhusa ya msimamizi kabla ya kutoa mwaliko. Si vyema kuchota nambari za simu za wanakundi na kuwatumia ujumbe mmoja mmoja. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimruhusu mfanyabiashara kutumia taarifa za mtu kwa manufaa ya kibiashara pasipo idhini au kibali cha sheria.

Baada ya kumpata mtu anayefaa, masharti yaandikwe. Kamisheni ni kiasi gani? Hulipwa lini, na kwa njia gani? Mnunuzi akirudisha bidhaa itakuwaje? Nani atakata kodi? Pia mnunuzi aliyefuata kiungo leo akanunua kesho kutwa atahesabiwa kuwa wa nani? Swali hili la mwisho hupuuzwa sana, ilhali baadhi ya kampuni huhesabu ununuzi wa saa chache tu. Kwa Amazon, kwa kawaida, muda huo ni saa 24.

Vitenzi vya mwaliko

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango wake. Tuchukue mialiko miwili ya kubuni. Wa kwanza unasema: "Tunauza viatu vya kukimbilia. Tunatafuta watu watatu wanaovifahamu. Tutamlipa mshirika shilingi 200 kwa kila jozi itakayonunuliwa kupitia msimbo wake." Wa pili unasema: "Jiunge leo kwa shilingi 1,000 pekee! Alika watu watano, nao waalike watano. Utalipwa kila wiki!"

Mwaliko wa kwanza unatumia vitenzi kuuza na kununua, na kinachouzwa ni viatu. Mwaliko wa pili unatumia kujiunga na kualika, na kinachotafutwa ni watu. Hakuna bidhaa inayotajwa. Tena, kitenzi utalipwa kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda amefichwa. Atakayelipa ni nani? Sarufi imenyamaza, na hesabu ndiyo inayojibu: atakayelipa ni yule atakayejiunga baadaye.

Hesabu hiyo haina huruma. Mtu mmoja akialika watano, na kila mmoja akaalika watano, ngazi ya nane peke yake itahitaji watu 390,625. Ukijumlisha ngazi zote nane utapata watu 488,280. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 475,716 mjini Eldoret. Kwa maneno mengine, kabla ya ngazi ya nane kukamilika, mji mzima, pamoja na watoto wachanga, ungekuwa umekwisha kujiunga, na walio chini wasingekuwa na wa kumwalika.

Wakenya waliwahi kulipia funzo hili kwa gharama kubwa. Biashara za piramidi zilizovuma na kuporomoka katikati ya miaka ya 2000 zilienea kwa kupitia makanisa, vyama vya akiba na urafiki. Jopokazi la serikali lililozichunguza, na kutoa ripoti yake mwaka wa 2009, lilibainisha kuwa Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Imani ile ile inayomfanya mshirika mwaminifu auze viatu ndiyo iliyotumiwa kuwanyang'anya watu akiba zao.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kutafuta washirika wa mauzo katika makundi si kosa. Ni kazi halali inayoweza kumpa mwanafunzi nauli na karo, mradi bidhaa iwepo, mnunuzi awepo, na mshirika awaambie wenzake waziwazi kwamba analipwa kwa kuisifu. Akilificha hilo, atauza mara moja tu, na siku watakapogundua hatakuwa tena yule fulani anayeulizwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwaliko unapofika katika rununu, kijana asikimbilie tarakimu zilizoandikwa kwa wino mzito. Atafute kwanza kitenzi, kisha aulize maswali mawili: kinachouzwa ni nini, na anayelipa ni nani? Mwaliko usioweza kuyajibu haustahili kupelekwa katika kundi la darasa, sembuse la kanisa la mama yake.