Dawa ya Kuzuia Jasho: Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia

Kutoka jasho si aibu, wala si ugonjwa. Mwenyezi Mungu ametuwekea katika ngozi tezi ndogo sana, idadi yake kati ya milioni 2 na milioni 4, ili mwili upatapo joto zitoe maji; na maji hayo yakaukapo juu ya ngozi huchukua joto, mwili ukapoa. Mtu asiyetoka jasho hata kidogo yu hatarini siku ya jua kali.

Lakini wako watu ambao jasho lao limepita kiasi. Mwalimu ageukapo kuandika ubaoni, shati lake limelowa toka kwapani hata kiunoni, na watoto wakacheka. Karani aandika barua, na wino watapakaa kwa unyevu wa kiganja chake. Mama aona haya kuketi karibu na wenziwe kanisani au msibani. Watu wa namna hii hujitenga na baraza, na wengi wao wametumia shilingi zao kununua chupa yo yote yenye harufu nzuri, wasipate nafuu. Kwa hiyo yafaa kulieleza jambo hili kwa taratibu.

JASHO NA KIKWAPA

Jasho ni jambo moja, na kikwapa ni jambo jingine. Jasho litokapo halina harufu mbaya. Lakini makwapani ziko tezi za namna ya pili, zianzazo kufanya kazi mtoto abalehepo, nazo hutoa majimaji mazito kidogo. Vijidudu vikaavyo juu ya ngozi huyala majimaji hayo, na mabaki yake ndiyo yanukayo. Ndiyo sababu mtoto mdogo hucheza juani kutwa, akalowa jasho, wala hana kikwapa.

Basi dukani mna dawa za namna mbili, nazo huwekwa pamoja hata mnunuzi akadhani ni moja. Ya kwanza ni deodoranti. Kazi yake ni kupunguza vijidudu na kufunika harufu kwa manukato. Jasho haiwezi kulizuia. Ya pili ni antipaspiranti, nayo ndiyo izuiayo jasho. Ziko pia zenye kazi zote mbili.

Anunuaye asiangalie picha ya chupa, wala asitosheke na kunusa kizibo. Na asome orodha ya vitu vilivyomo. Neno lianzalo kwa herufi ANTI peke yake halitoshi kuwa ushuhuda, maana hata dawa za kuua vijidudu huandikwa hivyo. Alama ya hakika ni jina la madini ya alumini, ambalo katika karatasi ya Kiingereza huanza kwa herufi ALUMIN. Isipokuwamo alumini, dawa hiyo ni ya harufu tu.

JINSI ALUMINI IFANYAVYO KAZI

Chumvi ya alumini ikipakwa juu ya ngozi, huingia katika midomo ya vijifereji vya jasho. Humo huchanganyika na jasho, ikaganda kama ute, ikawa kizibo. Kizibo hicho si cha daima. Ngozi hujibadili siku kwa siku, nacho huondoka pamoja na ngozi kuukuu. Kwa hiyo lazima dawa irudiwe. Tena mwili haudhuriki kwa makwapa kuzibwa, kwa kuwa sehemu zake nyingine huendelea kutoa jasho na kuupoza.

Dawa ya kwanza ya namna hii kuuzwa ilitokea Marekani mwaka 1903, jina lake Everdry. Baada yake ilikuja nyingine iitwayo Odorono, iliyotengenezwa na daktari mpasuaji ili mikono yake isitoke jasho wakati wa kupasua wagonjwa. Binti yake, Edna Murphey, ndiye aliyeieneza kwa biashara. Dawa hizo za zamani zilikuwa na nguvu, lakini zilikuwa na asidi. Ziliwasha ngozi na kuziharibu nguo. Baadaye wataalamu walipata chumvi za alumini zilizo pole zaidi.

KUPIMA NGUVU YA DAWA

Hata leo tofauti hiyo ingalipo, na anunuaye yampasa kuijua. Dawa nyingi za kila siku zina klorohaidreti ya alumini, au alumini iliyochanganywa na zirkoni. Hizo ni pole, zawafaa watu wa jasho la kawaida. Kwa mwenye jasho jingi sana, iliyo bora ni kloraidi ya alumini, ambayo kwa makwapa huwa ya sehemu 10 hata 20 katika 100. Hiyo ina nguvu zaidi, na huwasha zaidi; mahali pengine haiuzwi ila kwa cheti cha daktari.

Maneno makubwa ya chupani yasimdanganye mtu. Kanuni za Serikali ya Marekani za mwaka 2003 ziliweka kipimo hiki: dawa iruhusiwe kuitwa ya kuzuia jasho ikiwa yapunguza jasho kwa sehemu 20 katika 100, kwa angalau nusu ya watu waliojaribiwa. Ile ijisifuyo kuwa na nguvu zaidi yatakiwa kufikia sehemu 30. Mwaona basi kwamba hata iliyosifiwa haiahidi ukavu mtupu. Umbo lake pia, likiwa la maji, la mafuta, la kijiti au la kupuliza, si neno kubwa kama kile kilichomo.

WAKATI WA KUIPAKA

Hapa ndipo wengi wakoseapo. Hupaka asubuhi baada ya kuoga, ngozi ingali na maji, kisha huenda kazini. Jasho huanza mara moja, likaiosha dawa kabla haijaingia. Tena kloraidi ya alumini ikikutana na maji juu ya ngozi hufanya asidi, nayo ndiyo iwashayo.

Njia iliyo njema ni hii. Paka usiku kabla ya kulala, kwa kuwa usiku jasho hupungua. Osha kwapa, ulikaushe kabisa kwa kitambaa, ungoje kidogo, kisha paka dawa kiasi chembamba. Asubuhi ioshe. Fanya hivyo kila usiku mpaka jasho lipungue, jambo ambalo kwa wengi huonekana katika muda wa juma moja au zaidi kidogo. Baada ya hapo mara moja au mbili kwa juma hutosha. Usipake juu ya ngozi yenye kidonda, wala siku uliyonyoa kwapa. Ikikuwasha sana, pumzika siku chache, kisha rudi kwa kuiachanisha zaidi. Viganja na nyayo vina ngozi nene, kwa hiyo dawa huko hukawia, na pengine haifui dafu.

SHABU, NDIMU NA MANENO YA WATU

Jiwe la shabu, ambalo wazee wa pwani wamelitumia tangu zamani, nalo ni chumvi ya alumini. Lafaa kwa harufu, maana hupunguza vijidudu, na bei yake ni ndogo. Lakini kwa kuzuia jasho jingi nguvu yake ni haba. Ndimu haifai. Maji yake huchoma ngozi, na ngozi hiyo ikipigwa na jua yaweza kutoka malengelenge na madoa meusi.

Watu husema pia kwamba dawa za alumini huleta saratani ya matiti. Wataalamu wamelichunguza neno hilo, wala hawakupata ushahidi wa kulithibitisha. Ila mwenye ugonjwa wa figo na amwulize daktari kwanza, maana figo mbovu hushindwa kuitoa alumini mwilini.

JASHO LILILO DALILI YA UGONJWA

Jasho jingi la asili huanza utotoni au ujanani, huwa sawasawa kuume na kushoto, hukoma mtu alalapo, na mara nyingi limo katika ukoo. Lakini jasho lianzalo ghafula kwa mtu mzima, au lilowanishalo shuka usiku, au lijalo pamoja na homa, kukonda, kikohozi cha majuma mawili, au moyo kwenda mbio, hilo si la kupakwa dawa ya dukani. Laweza kuwa kifua kikuu, au ugonjwa wa tezi ya shingo, au jambo jingine. Mtu huyo na aende hospitali upesi. Likija ghafula pamoja na maumivu ya kifua, asingoje hata saa moja. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Na yule ambaye dawa ya kupaka haikumsaidia asikate tamaa. Ziko tiba nyingine hospitalini, kama vile kutia mikono katika maji yapitayo umeme mdogo, au sindano makwapani, ambazo nguvu yake hudumu miezi kadhaa.

Wazee na waalimu, ninyi ndio msikilizwao. Mwonapo kijana ajitengaye kwa sababu ya jasho, msimcheke wala msimwambie kwamba ni mchafu. Pengine aoga mara tatu kwa siku. Mwelezeni haya, aweze kununua kwa akili na kuketi na wenziwe bila haya.