Usiseme "Ni Uzee Tu"

Mara nyingi huwa tunazungumza juu ya mtoto. Leo tuzungumze juu ya yule mzee uliye naye nyumbani. Pengine ni mama mkwe wako, pengine ni babu aliyekulea.

Hebu fikiria nyanya mmoja wa miaka 74, anayeishi mashambani na mkaza mwana wake. Kwa wiki kadhaa amelalamika kwamba kichwa kinamuuma na kizunguzungu hakimwachi. Kila akisema anajibiwa, "Pole nyanya, ni uzee tu." Zahanati iko mbali, nauli ya bodaboda ni ghali, na shamba linangoja kupaliliwa. Asubuhi moja nyanya anaamka mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Amepatwa na kiharusi. Familia ambayo haikuwa na nauli ya bodaboda sasa inauza mbuzi ili ikodi gari la kumpeleka hospitali.

Mama, uzee si ugonjwa. Kuumwa na kichwa kila siku, kukojoa mara kwa mara, kuishiwa na pumzi, kutoona vizuri au kuchanganyikiwa ghafla ni mambo yenye sababu, na mengi yana matibabu. Mtoto wa jicho, kwa mfano, huondolewa kwa upasuaji na mzee akaona tena. Presha nayo ni adui mnyamavu. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kuhisi lolote. Ndiyo sababu mzee apimwe hata akiwa anajisikia vizuri.

Je, utafanyaje ikiwa kituo kiko mbali na mzee hawezi kutembea?

Kwanza, mtafute mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Tangu mwaka wa 2023, serikali iliwapa wahudumu hawa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Mwombe afike nyumbani ampime mzee. Akiona hatari, atawaandikia barua ya kwenda kituoni.

Pili, hakikisha mzee amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Unaweza kumsajili kwa simu kwa kubonyeza *147#, ukiwa na kitambulisho chake. Aliyesajiliwa hatakiwi kulipa huduma za kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Lakini akilazwa katika hospitali kubwa, ni lazima mchango wake uwe umelipwa. Usidhani mchango wa mwanawe unamtosha. Huo ni wa mchangiaji, mke au mume wake na watoto wake. Mzazi hujisajili kivyake.

Tatu, pangeni nauli kabla ya siku ya kliniki. Akina ndugu wakichanga kidogo kidogo kila mwezi, mzigo haumwelemei mtu mmoja. Ikiwa mzee anapokea pesa za Inua Jamii, mshauriane naye jinsi ya kuweka kando sehemu ndogo. Kumbuka pesa hizo ni zake, na uamuzi ni wake.

Nne, mkifika kituoni, muulize daktari kama mzee aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mpigo. Safari zitapungua. Nyumbani, dawa ya presha au ya sukari isigawanywe nusu ili idumu, wala isiachwe kwa sababu amepata nafuu. Usimpe dawa ya jirani hata kama ugonjwa wao una jina moja.

Tano, jua dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, na maneno kutoeleweka. Ukiona hata moja, usingoje kukuche wala usimpe chakula au maji, kwa maana anaweza kupaliwa. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mwisho, mama, msikilize mzee mwenyewe. Wazee wengi huficha maumivu kwa kuogopa kuwa mzigo. Akisema "niko sawa," muulize tena kwa upole: Amelala vipi? Amekula? Amemeza dawa?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya juma hili kuisha, mtafute mhudumu wa kijiji, mzee wako apimwe presha. Na akikuambia kichwa kinamuuma, usimjibu kwamba ni uzee tu.