Gari Likilia Bila Kuwaka

Mteja akinipigia simu kwamba gari limegoma, namuuliza kwanza: limelia vipi?

Mlio wa haraka haraka, ta-ta-ta-ta, mara nyingi ni betri. Umeme unatosha kuvuta swichi ya stata, hautoshi kuzungusha injini. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Zikififia karibu kuzima, umeshapata jibu. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 12, ichaji kwanza.

Lakini usikimbilie dukani. Fungua boneti, tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita, na wapo walionunua betri mpya kwa sababu yake tu (muuza betri hatakwambia). Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, sugua kwa msasa mpaka ving'ae, kaza. Kichwa kikizunguka kwa mkono, hujakaza.

Ukisikia "tak!" moja nzito na taa hazififii, shuku stata yenyewe: kaboni zimeisha au swichi yake imeungua. Wengine huigonga kidogo kwa nyundo gari likawaka. Hiyo ni ya kukufikisha gereji tu; lipeleke siku hiyo hiyo.