Rasiberi za Nyumbani (Sehemu ya 3): Inzi Anayetaga Ndani ya Tunda Zima

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna ya kupanda rasiberi nyuma ya nyumba na namna ya kuzipogoa. Leo tunageukia tatizo linalowakatisha tamaa wengi: tunda limeonekana safi asubuhi, kufika jioni limelegea, na ukilifungua unakuta funza weupe. Mkulima asiyetaka kemikali kali afanye nini?

Kwanza amjue mhusika. Inzi huyu, ambaye wanasayansi humwita Drosophila suzukii, ana urefu wa milimita 2 hadi 3, na asili yake ni Asia ya Mashariki. Mwaka 2008 alionekana California, na mwaka huohuo Uhispania na Italia. Mwaka 2021 watafiti walichapisha taarifa kwamba amenaswa nchini Kenya, katika Kaunti ya Nakuru. Ni wa jamii moja na vijinzi vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni, na kwa mtazamo wa haraka huwezi kuwatofautisha. Dume ana doa jeusi karibu na ncha ya kila bawa. Jike hana doa, lakini hatari iko kwake: sehemu anayotagia ina meno kama ya msumeno. Wenzake hutafuta tunda lililooza. Yeye hupasua ngozi ya tunda zima linaloanza kugeuka rangi, akapenyeza yai ndani.

Yai likishaingia humo, maji ya mwarobaini au ya pilipili hayalifikii tena. Kukiwa na joto la wastani, linakuwa inzi kamili katika muda wa wiki mbili hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 300 maishani mwake. Ulaya ya Kaskazini majira ya baridi huwapunguza inzi hawa. Limuru na Molo nchini Kenya hazina baridi ya namna hiyo, na kichaka kimoja cha rasiberi kinaweza kuwa na maua, matunda mabichi na mabivu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mbinu zote zinazofuata zina lengo moja: kumnyima inzi nafasi ya kuzaa kizazi kingine.

Mbinu kuu ni kuchuma. Chuma kila siku, au angalau siku moja baada ya nyingine, na usiache tunda bivu kwenye kichaka. Yaliyooza na yaliyoanguka yaokote pia, uyatie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uufunge na kuuanika juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye mboji, kwani mabuu wataendelea kukua humo. Matunda mazuri yaingie kwenye friji mara moja. Baridi hudumaza mayai na mabuu.

Ukitaka kujua kama umeshavamiwa, koroga kijiko kikubwa cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Tumbukiza rasiberi chache ulizozibonyeza kidogo, usubiri nusu saa. Kama wamo, mabuu wembamba weupe watajitokeza majini.

Inzi huyu hupenda kivuli na unyevu. Kata matawi yaliyokwisha kuzaa, punguza yaliyosongamana ili mwanga na upepo vipite, na mwagilia chini kwenye shina badala ya juu ya majani. Angalia pia vichaka vya matunda ya mwituni vilivyo karibu na ua, maana huweza kuwa maficho yake.

Wavu husaidia sana iwapo matundu yake hayafiki milimita 1 na umefunika kabla ya tunda la kwanza kugeuka rangi. Tatizo ni nyuki. Rasiberi moja ni mkusanyiko wa vitunda vidogo vingi, na kila kimoja kinahitaji kuchavushwa. Nyuki wasipofika, tunda hupinda na kumeguka. Mwenye vichaka vichache anaweza kushona vifuko vya kitambaa chepesi cha pazia na kuvifunga kwenye vishada ambavyo maua yake yamekwisha kupukutika.

Mtego wa siki ya tofaa yenye tone la sabuni ya vyombo, ndani ya chupa iliyotobolewa matundu madogo ubavuni, utakuonyesha kwamba inzi wamefika. Usiutegemee kuwamaliza, kwa sababu matunda yako yanawavuta kuliko siki.

Mwisho ni spinosadi, dawa itokanayo na bakteria wa udongoni waliogunduliwa mwaka 1982 katika kiwanda cha ramu kilichoachwa huko Karibi. Kanuni nyingi za kilimo hai huiruhusu, lakini ikiwa mbichi huua nyuki. Kwa hiyo inyunyizwe jioni nyuki wakisharudi mzingani, kwa kufuata maelekezo ya kibandiko. Tena isitumiwe mfululizo: California tayari wamepatikana inzi wanaoistahimili.

Asiye na fedha za wavu wala dawa aanze na kikapu cha kuchumia na mkasi wa kupogolea. Hivyo viwili vikitumika bila kuruka siku, vitaokoa sehemu kubwa ya mavuno. Vikiachwa, hakuna dawa itakayomsaidia mkulima.

Wiki ijayo: utitiri mwekundu, na wadudu rafiki wanaoula.