Ngala alihama na chama chake chote: je, sisi tuliomchagua tuliulizwa?

Juzi baada ya alasiri nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu, kahawa chungu na kashata mbele yetu, mazungumzo yakaangukia pale yanapoangukia kila mara uchaguzi ukikaribia. Kijana mmoja alimlalamikia mbunge wa kwao, ambaye siku hizi haonekani tena na chama kilichompa kiti. "Huyu ametuuza," akasema. Mzee mmoja akacheka, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, hili si jipya. Hata Ngala alihama."

Hapo baraza likagawika. Wengine walisema Ngala aliuza majimbo, wengine wakasema aliwaokoa watu wake. Nilichogundua ni kwamba vijana wengi wanalijua jina la Ronald Ngala kwa sababu ya barabara ya Nairobi na chuo cha utalii kule Vipingo, lakini kisa chenyewe hawakijui. Nimeona nikieleze hapa, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo litatukabili tena mwaka wa 2027.

Ngala alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mwalimu kwa kazi. Alisoma Alliance na Makerere, akarudi Pwani kufundisha, na kwa muda akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton hapa Mombasa. Mwaka wa 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Legco, wanane walichaguliwa kutoka nchi nzima. Ngala alikuwa mmoja wao, akiwakilisha Pwani, pamoja na akina Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi.

KANU ilipoundwa mwaka wa 1960, Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina hali yeye mwenyewe hayupo. Aliukataa wadhifa huo. Mwezi wa Juni mwaka huohuo yeye na wenzake wakaunda KADU, naye akawa kiongozi wake. Hofu yao ilikuwa moja: kwamba uhuru ukija, makabila makubwa yatashika serikali na madogo yatabaki kuomba. Dawa waliyoiona ni majimbo, yaani kila mkoa uwe na bunge lake na sauti yake juu ya ardhi, elimu, afya na polisi.

Hapa tusichanganye mambo mawili. Wakati huohuo kulikuwa na vuguvugu la Mwambao, la Waswahili na Waarabu waliotaka ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, usitiwe ndani ya Kenya huru. Ngala hakuwa upande huo. Yeye alitaka Pwani ibaki Kenya, lakini Kenya yenye majimbo. Mwezi wa Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda ule uwe sehemu ya Kenya, na mlango wa Mwambao ukafungwa. Kwa hivyo hata wale ambao hawakumpenda Ngala, ngao pekee iliyowabakia ilikuwa ile aliyoishika yeye, nayo ni majimbo.

Ngao hiyo ilikuwa imeandikwa katika katiba. Vifungu vya mikoa havingeweza kubadilishwa bila asilimia 75 ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda nchi nzima, lakini KADU ilichukua bunge la mkoa wa Pwani. Ngala akawa rais wa bunge hilo, na huko Nairobi akaongoza upinzani.

Basi ilikuwaje ngao nzito namna hiyo ikaanguka katika muda wa mwaka mmoja?

Kwanza, karatasi haina miguu. Serikali ya Nairobi ilichelewesha kuikabidhi mikoa madaraka yake na fedha zake, na bunge la mkoa lisilo na fedha ni baraza la soga. Pili, wabunge wa KADU walianza kuhama mmoja mmoja. Serikali ndiyo iliyokuwa na nyadhifa na miradi, na aliyebaki upinzani alirudi nyumbani mikono mitupu. Tatu, serikali ilitangaza kwamba ikikosa kura za kutosha katika Seneti, itakwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni. Ngala alijua hesabu yake: nchi nzima ikipiga kura, Pwani itazidiwa kwa wingi wa watu.

Tarehe 10 Novemba 1964 alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na wanachama wake wanajiunga na KANU. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Disemba, Kenya ikawa jamhuri yenye chama kimoja bungeni. Mabunge ya mikoa yakapokonywa nguvu na baadaye yakafutwa kabisa. Wakuu wa mikoa wakarudi kuwa watu wa kuteuliwa kutoka Nairobi.

Angalieni nani alipata nini. Moi, aliyekuwa mwenyekiti wa KADU na rais wa bunge la mkoa wa Bonde la Ufa, alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani mwezi uleule wa Disemba 1964. Kufikia Januari 1967 alikuwa makamu wa rais, na yaliyofuata tunayajua. Ngala, aliyekuwa kiongozi wa chama, alingoja mpaka 1966 ndipo akafanywa waziri, akishika Ushirika na Huduma za Jamii, na baadaye Nishati na Mawasiliano. Alifariki Disemba 1972 baada ya ajali ya gari katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, akiwa bado waziri.

Je, aliuza? Mimi sitamwita msaliti, na sababu yangu ni hii. Hakuhama kwa siri wala hakuwaacha wenzake nyuma. Alikwenda na chama chote, mchana, mbele ya bunge. Mwaka wa 1969 watu wake walipiga kura, wakamrudisha. Hiyo ni hukumu yao, na ina uzito kuliko yangu.

Lakini kuna jambo ambalo hata wanaompenda hawawezi kulikwepa. Mwaka wa 1963 watu wa Pwani waliipigia kura KADU kwa sababu ya majimbo. Mwaka wa 1964 majimbo yaliondolewa kwa mkono wa waliowachagua, na mpiga kura hakuulizwa. Kura ya maoni iliepukwa, na uchaguzi mdogo haukufanyika. Alipoulizwa mwaka wa 1969, tayari kulikuwa na chama kimoja tu kilichobaki, na majimbo hayakuwa tena sehemu ya swali.

Kinachouma zaidi kilikuja Aprili 1966. Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaingia chama kipya cha KPU pamoja na wabunge kadhaa. Mara hii serikali haikusema kuhama ni umoja wa taifa. Kwa muda wa siku chache bunge lilipitisha mabadiliko ya katiba: mbunge akihama chama kilichompeleka bungeni, kiti chake ni wazi, arudi kwa wapiga kura. Viti 29 vikagombewa mwezi wa Juni, katika uchaguzi unaokumbukwa kwa jina la Uchaguzi Mkuu Mdogo, na KPU ikaambulia 9 tu. Kwa hivyo waliohamia serikalini hawakuulizwa, na waliotoka serikalini wakalazimishwa kuulizwa. Sheria yenyewe ni nzuri. Ubaya ni kwamba ilizaliwa kwa ajili ya upande mmoja.

Tukija leo, sheria hiyo bado ipo. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinasema mbunge au seneta aliyechaguliwa kwa tikiti ya chama akijiuzulu chama hicho, au akihesabiwa kuwa amejiuzulu, anapoteza kiti. Kifungu cha 194 kinasema hivyohivyo kwa mwakilishi wa wadi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inaeleza maana ya kuhesabiwa: kujiunga na chama kingine, kusaidia kukiunda, au kukipigia debe.

Lakini kuna milango miwili iliyoachwa wazi, na ni vyema kila mpiga kura aijue.

Mlango wa kwanza ni kuungana. Vyama vikiungana kisheria, wabunge wao huingia chama kipya bila kupoteza viti. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2016 TNA na URP zilipoingia Jubilee. Hiyo ndiyo njia ya Ngala, ila sasa imewekewa sheria: hama na chama kizima, na hakuna atakayekurudisha kwa wananchi kabla ya wakati.

Mlango wa pili ni wa magavana. Kifungu cha 182, kinachotaja yanayofanya kiti cha gavana kuwa wazi, hakisemi lolote kuhusu kuhama chama. Ndiyo sababu Salim Mvurya, aliyechaguliwa gavana wa Kwale mwaka wa 2013 kwa tikiti ya ODM, aliweza kuhamia Jubilee akiwa bado ofisini. Wengi walimlaumu. Lakini mwaka wa 2017 alisimama mbele ya watu wa Kwale na rangi zake mpya, wakamchagua tena. Mtu anaweza kumpinga kwa sera zake, ila hawezi kusema wenye kura hawakuulizwa.

Kwa hivyo nikirudi barazani, jibu langu kwa yule kijana ni hili. Usimwulize mbunge wako kwanza kama amehama. Mwulize mambo matatu. Ulichaguliwa kwa ahadi gani, na ahadi hiyo umeibeba au umeiacha ulikotoka? Ulipohama, nani alipata: wewe au sisi? Na je, uko tayari kurudi kwetu tukuambie, au unangoja tusahau?

Ngala alikuwa na jibu la swali la kwanza, ingawa lilikuwa chungu: aliona majimbo yameshakufa mikononi mwake. Tulingoja karibu miaka hamsini mpaka ugatuzi ukaturudishia sehemu ya kile kilichoondolewa, na leo Pwani ina kaunti sita zenye mabunge yao. Nilipomaliza kusema haya, yule mzee alitikisa kichwa. "Sisi tulisikia kwenye redio," akasema. "Nyinyi msingoje redio."