Likizo ya Juni: Waacheni Watoto Waguse Miti

Shule zikifungwa mwezi wa Juni, sisi wauguzi wa wodi ya watoto tunajua tutakaowapokea. Yupo aliyeanguka mwembeni, yupo aliyerukiwa na utomvu wa mnyaa jichoni, na yupo anayetapika na kuharisha kwa sababu alitafuna mbegu za mbono akidhani ni karanga. Nyumbani wote hao walikuwa wameambiwa, "Usiguse majani!" Katazo la namna hiyo halimwonyeshi mtoto ni jani lipi.

Mimi naona afadhali aguse, tena mbele ya mtu mzima. Kwa familia za Mkoa wa Tanga, mahali pa kufaa ni Bustani ya Mimea ya Amani, wilayani Muheza, juu katika milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakakusanya miti kutoka nchi nyingi ili kuijaribu katika udongo wetu. Parokia ikiweza kukodi gari, watoto wavae sweta, maana Juni kule ni baridi, na viatu vya kufunika miguu, maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi.

Ombeni kwanza ruhusa kwa wanaotunza bustani, na msichume kitu. Majani yaliyoanguka yanatosha. Mfumbe mtoto macho, umpe jani la mdalasini lililopondwa anuse, kisha la mti mwingine, akisie. Watoto wadogo hupenda sana mchezo huu, na mara nyingi huwashinda wakubwa.

Halafu mtafute mkwinini. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na kwinini, dawa chungu ya malaria waliyoijua babu zetu, ilitoka katika magome yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya meli, walitengeneza kwinini hapo hapo Amani. Mtoto aweke karatasi juu ya gome, asugue taratibu kwa kipande cha mkaa, na nyufa za gome zitajichora zenyewe. Anapochora, mwambie kwamba mti huu uliponya watu kwa sababu dawa yake ilipimwa. Anayechemsha magome nyumbani hajui amekunywa kiasi gani, na kwinini ikizidi hudhuru masikio, macho na moyo. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo.

Mkisharudi, endeleeni na somo kwenye ua wenu. Mwonyesheni mtoto mnyaa wenye utomvu mweupe, mbono kaburi, mbarika, na turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo wasichana hutunga shanga. Mbegu za mbarika na turituri zikitafunwa zina sumu kali, na chache tu zaweza kumwua mtoto. Shanga hizo mimi nisingeziacha ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha njoo hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akitafuna mbegu asiyoijua, mtoe mabaki kinywani. Usimtapishe kwa vidole wala kwa maji ya chumvi, na usimnyweshe mafuta. Mlete upesi, hata akiwa anacheza kama kawaida, kwa kuwa dalili zaweza kuchelewa saa kadhaa. Mje na tawi au mbegu yenyewe ndani ya mfuko, kwa sababu jambo la kwanza tutakalouliza mapokezi ni, "Amekula nini?"