Tate Modern: Jumba la Sanaa Lenye Baraza Ndani

Ukilitazama kutoka ng'ambo ya Mto Thames, upande wa Kanisa la St Paul's, jumba la Tate Modern halifanani na makumbusho hata kidogo. Ni boma la matofali ya kahawia lenye dohani moja katikati, yenye urefu wa mita 99, mfano wa kiwanda kilichosahauliwa mjini. Na kwa kweli kilikuwa kiwanda cha aina yake. Sir Giles Gilbert Scott, yuleyule aliyebuni kibanda chekundu cha simu cha Uingereza, alikisanifu kiwe kituo cha kufua umeme. Kilijengwa kwa awamu mbili kati ya mwaka 1947 na 1963, kikafungwa mwaka 1981. Wapo waliotaka kivunjwe.

Wasanifu Herzog & de Meuron wa Uswisi, walipopewa kazi ya kukigeuza kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa, walichagua njia ya upole. Waliondoa mitambo, wakaliacha jengo. Juu ya kuta waliongeza ghorofa za vioo zinazong'aa usiku kama taa, na milango ikafunguliwa kwa umma Mei 2000. Uamuzi wao mkubwa kuliko yote ulikuwa kuliacha tupu lile pango ilimokaa mitambo. Ndilo linaloitwa Turbine Hall: urefu mita 155, upana mita 23, kimo mita 35.

Namna ya kuingia ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Makumbusho mengi ya zamani yana nguzo na ngazi ndefu. Mgeni hupanda huku akijiuliza kama amevaa vizuri. Hapa, ukipita mlango wa magharibi, huna ngazi ya kupanda. Unashuka mteremko mpana wa zege, taratibu, mpaka unajikuta katikati ya ukumbi. Watoto hubingiria, wazee huketi, vijana hulala chali wakitazama dari. Hakuna anayekuuliza umekuja kuona nini.

Sisi watoto wa pwani, au wa watu wa pwani, tunalo neno la mahali kama hapo: baraza. Katika nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, baraza ipo kati ya njia na nyumba. Mgeni hukaa, husalimiwa, hunywa kahawa, na si lazima aingie ndani. Turbine Hall hufanya kazi hiyohiyo, ila baraza yake imefunikwa paa. Wengi wetu tumelelewa na wazazi wanaoamini kwamba mahali pa namna hii "si petu". Mama wa mwenzetu mmoja ameishi London zaidi ya miaka ishirini bila kuingia humu. Tulipokwenda naye muhula uliopita, swali lake la kwanza lilikuwa: "Tunalipa wapi?" "Hatulipi, Mama." Akatazama juu, akatazama huku na huku, akasema, "Basi tukae kwanza." Tukakaa.

Ukikaa hapo, itazame sakafu. Mwaka 2007 msanii wa Kolombia, Doris Salcedo, aliipasua kwa ufa wa mita 167 uliopinda-pinda kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Kazi hiyo aliiita Shibboleth. Jina hilo limetoka katika Kitabu cha Waamuzi: kwenye vivuko vya Yordani, aliyeshindwa kulitamka neno hilo sawasawa alijulikana kuwa ni mgeni, akauawa. Salcedo alikuwa akisema juu ya wahamiaji na ubaguzi.

Tunaojifunza Kiswahili cha wazazi wetu ugenini tunaujua ufa huo. Tukifika Mombasa au Unguja, sentensi moja yatosha kwa mtu kutuambia, "Wewe umekulia nje." Na wazazi wetu hapa, pamoja na miaka yote hiyo, wakifungua kinywa tu huulizwa wametoka wapi. Methali inasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Salcedo ulizibwa maonyesho yalipokwisha, lakini kovu lake bado linaonekana kwenye zege. Mama yule alilifuata hatua kwa hatua, kimya, kabla hatujamweleza maana yake.

Upande wa kusini kuna jengo jipya, Blavatnik Building, lililofunguliwa mwaka 2016. Lina ghorofa kumi, nalo limevikwa matofali yaliyopangwa kwa nafasi kama wavu, hivyo mwanga hupenya mchana na hutoka usiku. Chini yake kuna matangi ya duara ya mafuta ya kituo cha zamani, ambayo sasa ni kumbi za maonyesho. Juu kabisa palijengwa roshani ya kutazama mji pande zote nne.

Roshani hiyo ilizua kesi. Wageni waliona London, na waliona pia ndani ya nyumba za vioo za majirani, sebule na vitanda. Mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watatu dhidi ya wawili, iliwapa majirani haki. Fundi wa nyumba ya Kiswahili angelitambua tatizo mapema: huupindisha mlango wa ndani ili apitaye njiani asione uani. Jumba lililojua kumkaribisha mgeni lilimsahau jirani.

Kwenye vyumba vya sanaa kazi zimepangwa kwa mada, hazifuati miaka, kwa hiyo anza popote. Na jueni kwamba mwaka 2021 jumba hili lilifungua maonyesho makubwa ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954 na mshindi wa Tuzo ya Turner ya mwaka 2017, ambaye ameitumia kanga na maneno yake katika kazi zake.

Kwa wanaotaka kwenda: vituo vya treni vya karibu ni Southwark na Blackfriars. Mkusanyiko wa kudumu ni bure. Maonyesho maalumu hulipiwa, lakini wenye umri wa miaka 16 hadi 25 wanaweza kujiunga bure na Tate Collective wakapata tiketi za pauni 5. Nenda siku za wiki, maana Jumamosi watu hujaa. Nenda na mzazi, shangazi au babu, na mwombe akueleze kwa Kiswahili anachokiona. Dohani, zege, roshani, kovu: maneno ambayo darasani bado hatujayafikia, huko unayapata kwa kunyoosha kidole.